Jibu: Kwa nini Desemba wanaenda polepole?

Ndugu, umeuliza kwa nini waendesha baiskeli wa kulipwa hupiga kambi Calpe, Hispania, Desemba na kuendesha taratibu, ilhali mbio za Ubelgiji zina vilima vikali. Ni kwa sababu Milano–Sanremo, mbio za Italia za kila Machi, hukaribia kilomita 300, na mshindi ni yule aliyebakiza wanga misulini saa ya mwisho. Safari za muda wa saa 4 hadi 6, kwa asilimia 65–75 ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wako, huufundisha mwili kuchoma mafuta, ili wanga ubaki. Kipimo rahisi: uweze kuongea sentensi nzima.

Nguvu ya vilima hujengwa kando: mlima wa wastani, gia nzito, umeketi, pedali mizunguko 50–60 kwa dakika, dakika 8 mara 4, mara moja au mbili kwa wiki. Goti likiuma kwa mbele, angalia siti kwanza. Mara nyingi imeshushwa mno. Mikimbio mikali mifupi ya baiskeli iongezwe kuanzia mwishoni mwa Januari.

Kinachowaharibia wengi ni kwenda nusu-kasi kila siku, si taratibu wala si kwa nguvu, na kutokula kwa sababu ni baridi. Gramu 60–90 za wanga kila saa, tafadhali, hata kama husikii njaa.