Huanza na sehemu 13, si msimu mzima

Je, kipindi kipya cha vichekesho cha televisheni ya Marekani kikitangazwa mwezi Mei, ni hakika kitafika sehemu 22, yaani msimu mzima? Hapana, kutangazwa tu hakumaanishi hivyo. Kwa desturi ya vituo vikubwa vya televisheni vya huko kama NBC na CBS, kipindi kipya huagizwa sehemu 13, na siku hizi hata pungufu ya hapo, kisha kituo hupima idadi ya watazamaji tangu msimu unapofunguliwa mwishoni mwa Septemba, na kikiridhika ndipo huongeza sehemu 9 ili kutimiza msimu. Kisiporidhika, kipindi huweza kuondolewa hata kabla ya Krismasi. Tangazo la Mei hufanywa New York mbele ya makampuni yanayonunua mapema nafasi za matangazo ya biashara, kwa hiyo linawalenga wao kuliko mtazamaji.

Ninayafuatilia haya kwa sababu ninaendesha banda la video hapa Kirumba, na kwenye ubao wa mlangoni huandika kwa chaki jina la kipindi na mwezi wa kuanza tu. Idadi ya sehemu huiacha wazi mpaka Novemba.

Hata hivyo, kuanza vibaya si kufutwa: Cheers, kipindi cha vichekesho cha NBC, ilianza mwaka 1982 ikiwa karibu na mkia kwa idadi ya watazamaji, kituo kikaivumilia, ikadumu misimu 11. Anayetaka kutazama moja kwa moja akumbuke kwamba saa mbili usiku ya New York mwezi Septemba ni saa tisa usiku kwetu Mwanza.