Maswali ya Wasomaji: Kisa cha Mgonjwa Darasani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, chuo kikuu. Nilishauriwa kutumia visa vya wagonjwa badala ya mihadhara mitupu, lakini nilipojaribu, wanafunzi wangu 48 walisoma kisa, wakataja ugonjwa, kisha wakanyamaza. Nilikosea wapi?
Mwalimu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwalimu, nadhani uliwapa kisa na mkasa wake kwa mkupuo mmoja, nao hawakubakiwa na lolote la kuamua. Kigawanye katika karatasi tatu. Ya kwanza iseme haya tu: mvuvi wa Pangani mwenye umri wa miaka 62 ameamka upande wa kulia hauna nguvu, maneno hayamtoki, na binti yake, anayesema kwamba "mkono wa baba umekufa ganzi", amekuja na chupa ya uji. Waulize nini kitangulie. Wengi watakimbilia mazoezi ya mkono. Waache kwanza, kisha uulize habari ya ule uji, kwa kuwa mgonjwa wa kiharusi ambaye uwezo wake wa kumeza haujapimwa anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni na kumletea nimonia.

Karatasi ya pili ilete picha ya ubongo, inayoonyesha kwamba mshipa umeziba, haukupasuka. Ya tatu imrudishe mgonjwa nyumbani, kwenye choo cha kuchuchumaa kilicho nje na binti anayeshinda kazini. Hapa ndipo fiziotherapia yenyewe inapoanza kuumiza kichwa. Ikiwezekana, waalike wanafunzi wa radiolojia na wa lishe, kwani sayansi shirikishi za afya, yaani fani kama hizi zinazosaidiana na udaktari na uuguzi, hukutana kwa mgonjwa mmoja.

Usiichanganye mbinu hii na ile iliyoanza katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, ambako wanafunzi hukabidhiwa tatizo kabla ya kufundishwa, wakajitafutia maarifa wenyewe. Wanafunzi wako wasome kwanza, nawe uwarudishe kwenye njia wanapopotea. Makundi sita ya watu wanane yanatosha. Majina ya misuli yabaki kwenye mhadhara. Sioni faida ya kuyatungia kisa.

Tazama pia mtihani wako. Ukiendelea kuuliza "taja dalili tano za kiharusi", watakariri dalili tano na kuziona karatasi zako kuwa mchezo. Wape kisa wasichopata kukiona, hata kiwe cha nusu ukurasa.