Maswali ya Wasomaji: Kuandika Mfumo Endeshi Mdogo Kuanzia Mwanzo

Swali: Ndugu Mhariri, ninasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili, na lugha ya C ninaimudu kiasi cha kuandika programu za kawaida. Ninatamani kuandika mfumo endeshi mdogo mimi mwenyewe, kisha niuachie kila mtu ausome na kuutumia bila malipo. Wenzangu wanasema hiyo ni kazi ya makampuni makubwa. Je, inawezekana, na nianzie wapi? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Inawezekana, ndugu msomaji. Mfumo endeshi unaoelewana na kila printa na kila kadi ya mtandao ni kweli unahitaji maelfu ya watu na miaka mingi. Lakini mfumo unaowaka, unaoandika kwenye skrini, unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kugawa muda wa prosesa kati ya programu mbili tatu, huo mtu mmoja mwenye subira anaumudu. Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alitoa Minix kwa ajili ya kufundishia. Miaka minne baadaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa akitumia Minix, alitoa toleo la kwanza la Linux, lenye mistari ya msimbo ipatayo 10,000 tu. Uko pia mfumo uitwao xv6, uliotengenezwa na walimu wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2006 kwa kufuata Toleo la 6, la mwaka 1975, la mfumo endeshi wa Unix, ambao mwanafunzi anaweza kuusoma wote katika muhula mmoja. Nakushauri uusome sambamba na kazi yako, kwa sababu kila utakapokwama utaona jinsi wengine walivyolitatua tatizo hilohilo kwa mistari michache.

Kuhusu pa kuanzia, fuata kile kinachotokea tangu kompyuta inapowashwa. Katika kompyuta za x86, yaani zenye prosesa za aina ya Intel na AMD, zinazotumia BIOS, programu hiyo ya kiwandani husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, huzipakia kwenye kumbukumbu katika anwani 0x7C00, huhakikisha kwamba baiti mbili za mwisho ni 0x55 na 0xAA, kisha huiambia prosesa ianze kutekeleza kilichomo. Wakati huo prosesa inafanya kazi kwa biti 16, kama prosesa za zamani za aina yake, na kumbukumbu inayoweza kuifikia ni megabaiti 1 hivi. Kutoka hapo ni lazima kuihamishia kwenye hali ya biti 32 au 64, kazi yenye masharti mengi ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo mfumo endeshi wenyewe, wakaishia hapo wamechoka kabla hawajaandika hata kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kwa maoni yangu, isome hatua hiyo uielewe vizuri, lakini kazi yenyewe iachie GRUB, kipakiaji kilichokwisha kutengenezwa, ambayo itaipokea kerneli yako na kuikabidhi prosesa ikiwa tayari katika biti 32. Ukitaka kuandika kipakiaji chako mwenyewe, utakiandika baadaye, ukiwa na kitu cha kupakia.

Lengo lako la kwanza liwe herufi moja kwenye skrini. Katika hali ya maandishi ya VGA, kanuni ya kuonyesha vitu kwenye skrini za PC, skrini ya mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja imewekwa kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 0xB8000, na kila nafasi ina baiti mbili: ya kwanza ni herufi, ya pili ni rangi. Ukiandika 0x4B katika baiti ya kwanza na 0x0F katika ile inayofuata, utaona K nyeupe kwenye kona ya juu kushoto. Usitarajie `printf`, amri ya C ya kuandika kwenye skrini, kwa kuwa maktaba ya kawaida ya C huutegemea mfumo endeshi, na mfumo endeshi ndio huo unaouandika. Kila kitu cha namna hiyo utakitengeneza mwenyewe. Fanya majaribio yote ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, ili kosa likitokea usipoteze chochote isipokuwa sekunde chache za kuanza upya.

Swali: Mfumo wangu unaandika skrini vizuri, na nimeshaandika vishughulikiaji vya hitilafu za prosesa. Lakini mara tu ninaporuhusu makatizo, yaani ishara zinazoikatiza prosesa ili ishughulikie jambo jingine, kwa amri ya `sti`, unasimama na kuonyesha hitilafu namba 8, yaani hitilafu juu ya hitilafu. Msimbo wangu nimeukagua sioni kosa. — *Msomaji, Eldoret*

Jibu: Karibu hakika hiyo ni saa ya kompyuta yako inabisha hodi. Intel ilitenga namba 0 hadi 31 za makatizo kwa hitilafu za prosesa yenyewe, lakini IBM ilipotengeneza PC ya mwaka 1981 iliyaelekeza makatizo ya vifaa kwenye namba 8 hadi 15, na mgongano huo ungali upo. Saa hutumia mstari wa makatizo namba 0, ambao kwa mpangilio huo unaangukia namba 8. Kibaya zaidi ni kwamba hitilafu ya kweli namba 8 huweka msimbo wa hitilafu kwenye rafu (stack, sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhi vitu kwa muda), ilhali saa haiweki, hivyo kishughulikiaji chako husoma takataka na kukupoteza zaidi.

Dawa yake ni kukipanga upya kidhibiti cha makatizo ili vifaa vianzie namba 32, kabla ya `sti`. Baada ya hapo, kila unapomaliza kushughulikia katizo la saa au la kibodi, andika thamani 0x20 kwenye mlango (anwani ya kuwasiliana na kifaa) namba 0x20 ili kidhibiti kijue kwamba umemaliza. Ukisahau, saa itapiga mara moja tu na kunyamaza. Endesha QEMU kwa `-d int -no-reboot`, nayo itakuandikia kila katizo lililotokea na hali ya prosesa wakati huo.

Swali: Nikiuweka msimbo wangu kwenye intaneti, si tayari umekuwa huria? — *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hapana. Haki ya mwandishi huanza pale kazi inapoandikwa, na pasipo leseni msomaji hana ruhusa ya kuibadilisha wala kuisambaza. Minix yenyewe, ingawa msimbo wake ulisomwa duniani kote, ilipata leseni huria ya BSD mwaka 2000 tu. Linux nayo ilianza kwa leseni iliyokataza kuisambaza kwa malipo, kisha mwaka 1992 ikahamia GPL. Ukitaka mtu yeyote aitumie kazi yako atakavyo, chagua leseni ya MIT au ya BSD. Ukitaka wanaoibadilisha na kuisambaza nao watoe msimbo wao, chagua GPL. Angalia pia unachokopa: kipande ulichokitoa kwenye Linux kinabaki chini ya GPL, hivyo huwezi kukitoa chini ya leseni ya MIT, ilhali cha xv6 unaweza kukitumia mradi ubakize tangazo lake la haki. Faili ya leseni iweke siku ileile unapoanza mradi, kwa sababu watu wengine wakishachangia msimbo, utalazimika kumwomba kila mmoja wao idhini kabla ya kuibadilisha.