Dodoma kazi zipo, ila hela ina safari yake

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, kamaliza uashi VETA, anauliza, "Kaka, Dodoma bado kuna hela au tumeshachelewa?" Nikataka nimjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Naandika hapa maana najua mko wengi, na nani asiyetaka siku moja bango la saiti lisomeke jina lake?

Mimi nilishuka Dodoma mwanzoni mwa 2019 na begi, mwiko na pima maji. Kipindi hicho Mtumba, mji wa serikali, ndo inanyanyuka, wizara zinamalizia ofisi zao za kwanza usiku na mchana, ukionekana na mwiko unaitwa. Tulilala wanne chumba kimoja Nkuhungu. Nikaanza saidia fundi, nikaaminiwa kuta, baadae nikawa na wateja wangu, watumishi waliohamia wanajenga Iyumbu, Ilazo, Nzuguni. Miaka mitatu mbele nikasajiliwa Bodi ya Makandarasi, daraja la saba, lile la kuanzia. Siku napokea kile cheti nililia, sioni aibu kusema.

Hapo ndo nikajiona nimefika. Nikachukua tofali na lipu kwenye ghorofa moja chini ya kontrakta mkubwa, simtaji, mwenyewe anajijua. Mkataba wa mdomo. "Wewe piga kazi bwana, malipo yakitoka tu nakumalizia." Nikaingiza mafundi 14, miti na mbao za jukwaa zangu, boza la maji nanunua mimi, na wa Dodoma mnajua kiangazi maji yanavyotafuna mfuko. Malipo ya kwanza akanipa nusu. Ya pili anasema mwenye mradi hajalipa. Ya tatu simu hapokei. Milioni 11 na laki 4, mpaka leo. Nikauza pikipiki, nikauza na kiwanja changu cha Nala nilipe mafundi, na bado wawili hawanisalimii, nawaelewa kabisa.

Sasa dogo, hela ipo? Ipo. Sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo, ya 2022 ikakuta milioni 3 na kidogo, wote hao wanataka pa kulala. Treni ya umeme inafika tangu 2024, kuna uwanja wa ndege wa Msalato, kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Ila zile siyo hela zako wewe, usije kwa ajili ya zile. Hela yako iko kwa mwalimu aliyekopa benki, msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati Mungu akijalia, lakini Jumamosi anakulipa. Mimi nilimdharau huyo nikakimbilia ghorofa.

Na muandikishane jamani. Hata kwenye karatasi ya daftari, kazi gani, bei gani, unalipwa lini, shahidi nani. Vijana hamtaki kuandika mnaona kama mnamkosea bosi heshima, heshima gani hiyo inayokufanya uuze kiwanja? Hata tenda za serikali siku hizi ziko mtandaoni kwenye NeST, huna makaratasi hata mlangoni hufiki. Andikeni. Na kabla hujataja bei ya msingi chimba kwanza uone, ukikuta udongo mweusi ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, bei yako ya mwanzo imekufa.

Ukija, wahi kabla ya mvua za Desemba, watu wanakimbizana kuezeka. Nitakupokea, ila tutaandikishana.

Lile ghorofa lilishaisha, watu wanafanya kazi mle ndani. Nikipita na daladala lazima nichungulie floo ya tatu. Lipu yangu haina hata ufa.