Blichi Imezifanya Nywele Zangu Ziwe za Chungwa

SWALI: Shikamoo, dada. Nilipaka blichi nyumbani nikitaka nywele za rangi ya dhahabu iliyopauka, lakini zimetoka rangi ya chungwa. Je, nirudie leo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nakusihi usirudie leo. Nywele nyeusi zinapopoteza rangi yake ya asili hupitia wekundu, kisha uchungwa, ndipo zifike kwenye manjano, nawe umeishia katikati ya safari hiyo. Kinachokufaa sasa ni tona, yaani rangi nyepesi inayozima rangi isiyotakiwa: bluu huzima uchungwa na zambarau huzima manjano, ndiyo maana shampuu ya zambarau haitakusaidia sana kwa hali uliyo nayo. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri saa 48, kisha uijaribu kwenye kishungi kimoja, ukifuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Tona haitazipausha zaidi. Zitakuwa za kahawia tulivu, rangi ambayo kwa maoni yangu hupendeza mno.

Ukitaka zipauke zaidi, subiri wiki kadhaa, na kama zimewahi kutiwa dawa ya kulainisha, mwachie msusi mzoefu, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana huweza kuzikata nywele kabisa. Tena, maji ya visima vingi hapa kwetu yana chumvichumvi, na madini yake hugandia nywele zilizopaushwa na kuzififisha, hivyo kama umekinga maji ya mvua, suuzia hayo mwishoni.