Chokoleti ina karatasi, kitimoto haina

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilisomwa kwa sauti kibandani kwangu Ijumaa jioni, mafuta yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuchemka: "Kati ya nyama ya nguruwe na chokoleti nyeusi, kipi kina lishe zaidi?" Wateja wakacheka, wakanigeukia mimi. Niseme mapema msije mkanishika baadaye: nakaanga kitimoto Nyegezi, si mbali na stendi ya mabasi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ila swali hili lilishakaa mezani nyumbani kwangu miezi kadhaa kabla hamjaliuliza, na jibu nililolipata halikunifurahisha lote.

Binti yangu wa pili yuko chuo. Mwezi wa tatu alianza kuchoka ovyo. Tunaishi juu kwenye mawe, kama nusu ya watu wa Mwanza, na ule mlima aliokuwa akiupanda huku anaongea na simu, akawa anasimama mara mbili njiani. Akapimwa damu ikakutwa 9.6, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Akapewa vidonge vya madini chuma na kuambiwa ale vizuri. Hapo kwenye "kula vizuri" ndipo ubishi ulipoingia.

Siku zilezile shangazi yake alifika kutoka Dar na chokoleti nyeusi, ile ya asilimia 70 ya kakao, imesafiri kwenye basi usiku kucha na mchana. Ilipofunguliwa ilikuwa na weupeweupe juu, mama watoto akataka kuitupa akidhani ni ukungu. Si ukungu. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, yakipoa tena hupanda juu na kugandia hapo. Inalika. Binti akaigeuza karatasi, akaingia na kwenye simu, akarudi na hesabu: gramu 100 za chokoleti ya namna hiyo zina miligramu 12 hivi za chuma, nyama ya nguruwe inazunguka kwenye miligramu moja. "Baba, unaona? Miaka yote hii umetulisha kitimoto bure."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu chokoleti ina karatasi yake na kitimoto haina. Nyama yangu inatoka buchani kwenye mfuko, inaishia kwenye sinia na ndizi. Hakuna mahali imeandikwa chochote. Basi nikaanza kutafuta, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mtu akisema "nguruwe" hajasema kitu bado. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni kwa ndani, ikichomwa bila kuongezwa mafuta ina kalori 143 kwa gramu 100, protini gramu 26, mafuta gramu tatu na nusu tu. Nyama ya tumboni, mbichi, ina kalori zaidi ya 500, mafuta gramu 53, na protini gramu tisa. Mnyama mmoja, bucha moja, kilo inauzwa bei moja! Mteja akiniambia "nipe yenye mafutamafuta kidogo" anakuwa ameshachagua chakula kingine kabisa, na mimi huongezea kwa kuikaangia ndani ya mafuta yake yenyewe. Sijifichi.

Chokoleti nayo si moja. Ile ya asilimia 70 hadi 85 ina kalori karibu 600 kwa gramu 100 na sukari gramu 24. Shuka hadi asilimia 50 hivi, sukari inafika karibu gramu 48, yaani nusu nzima ya unachotafuna, na chuma kinapungua hadi miligramu nane. Kwa hiyo anayenunua yoyote ile kwa vile karatasi ni nyeusi, ananunua rangi.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hicho ndicho kilichotukalisha. Ukiangalia namba peke yake binti yangu alikuwa ameshinda. Lakini gramu 100 za chokoleti ni kipande kizima, na vipande viwili vidogo ambavyo mtu mwenye akili timamu hula baada ya chakula ni gramu 20. Hapo chuma ni miligramu mbili na kidogo. Sahani ya sarara ya gramu 150 ina chini kidogo ya hapo. Pengo la mara kumi na mbili limeyeyuka kabla hatujafika tumboni.

Na tumboni ndiko kwenye mambo. Sehemu ya chuma cha nyama imo ndani ya damu na misuli ya mnyama, na mwili wetu huipokea kwa wepesi, kati ya asilimia 15 na 35 yake. Chuma cha mimea, kakao ikiwemo, hupokelewa kati ya asilimia 2 na 20, kutegemea kimeliwa na nini. Kakao ina hasara ya ziada: vile vitu vichungu vinavyosifiwa kwa afya ya mishipa ya damu ndivyo vinavyokishika chuma kisipite. Chai ya rangi hufanya vilevile, ndiyo maana binti aliambiwa asimeze vidonge na chai. Nyama inafanya kinyume. Ukila kitimoto kidogo na maharage au mchicha, inasaidia hata chuma cha hayo maharage kupita. Kachumbari yenye ndimu juu yake inasaidia zaidi. Nimekuwa nikiweka kachumbari pembeni ya sinia miaka kumi na moja nikidhani ni ya kukata mafuta mdomoni.

Nisimnyime mwenzangu haki yake. Chokoleti nyeusi ina nyuzinyuzi gramu 11, nguruwe sifuri. Magnesiamu yake ni miligramu 228, ya nyama ni takribani 30, na ina shaba ya kutosha. Hata kwenye mafuta, ambako nilitarajia aibu iwe yangu peke yangu, mambo yamechanganyika. Mafuta ya kakao yana sehemu kubwa ya mafuta magumu, yale tunayoambiwa tupunguze, kuliko mafuta ya nguruwe: karibu asilimia 60 kwa 40. Ila sehemu kubwa ya hayo magumu ya kakao ni asidi ya steariki, ambayo haipandishi sana kolesteroli. Na chokoleti yenyewe karibu haina kolesteroli, wakati nyama ina kama miligramu 80.

Kitu ambacho nguruwe anacho na chokoleti haikaribii, ukiacha protini, ni vitamini B1. Gramu 100 za nyama isiyo na mafuta zinakupa kati ya nusu miligramu na miligramu moja, na mtu mzima anahitaji kama 1.1 au 1.2 kwa siku. Ng'ombe hafiki hata robo ya hapo. Hapa nina ugomvi na wakaangaji wenzangu: wanachemsha nyama kwanza, wanamwaga maji, halafu wanakaanga. Vitamini hiyo inayeyuka kwenye maji, na imemwagwa mtaroni. Mimi naacha maji yakaukie ndani ya sufuria hadi mafuta yaanze kulia, ndipo nyama inajikaanga. Inachukua muda na wateja wa basi wananikasirikia. Wangoje. Kuiva hadi ndani kuna sababu nyingine pia, nayo ni tegu. Nikikuta punje nyeupe kama mchele kwenye nyama, nairudisha bucha na hatuongei tena wiki nzima.

Ndugu zangu Waislamu na Wasabato, ambao ni majirani zangu pande zote mbili, hawakosi kitu hapa. B1 wataipata kwenye maharage, karanga na dona, na chuma chepesi kwa ng'ombe na maini yake. Dagaa wetu wa ziwani, wanaoliwa na mifupa yao, wana kalsiamu ambayo huwezi kuitegemea kwenye mnofu wa nguruwe. Jirani wa kushoto aliposikia ubishi wetu alicheka akasema sisi tunapigania nafasi ya pili.

Mtanisamehe nikirudi kwa nguruwe, kwa sababu bado sijawaambia kilichoniuma. Katika kutafuta kwangu nilikuta mstari wa maini. Maini ya nguruwe yaliyopikwa yana karibu miligramu 18 za chuma kwa gramu 100. Yanaipita chokoleti ya binti kwa karatasi yake mwenyewe, na ni chuma cha mnyama. Nikakaa kimya. Pale kibandani maini hayana mteja, watu wanataka mbavu na paja. Kila bucha iliponiletea mzigo na maini yakiwa yameunganishwa, niliyakatakata na kumpa mbwa wa jirani wa kulia anayelala mbele ya kibanda. Binti yangu anasimama mlimani kupumua, na mbwa anang'aa manyoya kama mbwa wa tajiri.

Siku hizi maini yanakuja nyumbani mara moja kwa wiki, yanaungwa na nyanya na pilipili hoho. Hatuzidishi, maana yana vitamini A nyingi mno, na mwenye mimba hashauriwi kuyala. Chokoleti haikufukuzwa. Binti anakula vipande viwili Jumapili mchana, mbali na saa ya kidonge. Alipopimwa tena damu ilikuwa 11.4. Vidonge ndivyo vilivyobeba mzigo, sidai sifa.

Mbwa bado anafika saa kumi na mbili jioni, anakaa palepale na kunitazama usoni. Juzi mtoto wa mteja alitaka kumrushia kipande cha chokoleti, nikamdaka mkono: ndani yake kuna theobromini, kwetu sisi haina neno, mbwa inaweza kumuua. Nikampa mfupa. Akaunusa, akaniangalia tena, akaondoka.