Rangi za mapangoni, mbona hazibanduki?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kupaka rangi mashua hapa Lamu, na rangi ya dukani nikiipiga leo, kusi la msimu mmoja tu ishaanza kubanduka. Juzi mjukuu wangu kanionesha kwenye simu ng'ombe wekundu na weusi wamechorwa pangoni huko Ufaransa eti tangu maelfu ya miaka. Ni rangi gani hiyo? Na huo umri wameujuaje, kwani aliyechora aliandika tarehe?
Fundi, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Swali lako nimelipenda sana kwa sababu nusu ya jibu unayo mwenyewe hapo kwenye mashua.

Ule wekundu ni kutu, baba. Kutu kama ile ya msumari wa mashua, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, ila wao waliichimba ardhini ikiwa ndani ya mawe na udongo, wakaisaga. Rangi ya manjano nayo ni chuma hicho hicho kikiwa na maji ndani yake, na ukiichoma kwenye moto wa nyuzi 300 hivi maji yanatoka inageuka nyekundu, na watu wa kale walilijua hilo. Sasa rangi yako ya dukani jua linaila ile gundi inayoishika ndo maana inabanduka, lakini kutu ishakuwa kutu, jua litaifanya nini tena?

Na usidhani walipaka udongo mtupu. Kule Afrika Kusini kwenye pango la Blombos yalipatikana makombe mawili ya bahari yenye mabaki ya rangi ya miaka 100,000, humo mlikuwa na udongo mwekundu, mkaa, na mifupa iliyopondwa, vimekorogwa na kitu cha majimaji. Mimi nilipoisoma hiyo nikakumbuka deheni, vile mafundi wanavyochanganya chokaa na shahamu wakapaka chini ya chombo. Ni akili ile ile kabisa!

Kujua rangi ni ya nini siku hizi hawakwangui ovyo. Wanaleta kimashine cha mkononi kinachopiga eksirei ukutani, na kila madini hujibu kwa namna yake, chuma kivyake, manganizi (madini meusi ya kwenye mawe) kivyake. Lazima wapime na jiwe tupu la pembeni, maana jiwe lenyewe laweza kuwa na chuma likawadanganya. Weusi ndo mtihani: kama manganizi imeonekana basi ni jiwe lililosagwa, lakini mkaa kimashine hicho hakiuoni, kwa hiyo wanamulika kwa leza wasome mwanga unavyorudi, hapo mkaa hujitokeza.

Na hapo ndipo umri unapoingia, sikiliza vizuri. Mkaa ulikuwa mti, na mti una aina fulani ya kaboni ambayo ukishakufa inapungua kidogo kidogo, kila miaka 5,730 inabaki nusu. Pango la Chauvet huko Ufaransa lilichorwa kwa mkaa, ndo maana wakapata zaidi ya miaka 30,000. Lakini kutu haikuwahi kuwa hai, haina cha kuhesabu, na weusi wa Lascaux, pango jingine la Ufaransa, mwingi ni manganizi, vivyo hivyo. Kwa hiyo wakitaja umri wa picha nyekundu uliza waliupimia wapi. Kule Sulawesi, Indonesia, walipima ule utando wa chokaa uliojijenga juu ya picha, una madini ya yuraniamu yanayogeuka polepole kuwa madini mengine, toriamu, wakapata miaka 51,200 mwaka 2024, na hiyo ni ya utando, picha iko chini yake kwa hiyo ni ya zamani zaidi.

Hata kwetu mzee, Panga ya Saidi hapo Kilifi, kusini ya Malindi, wamechimbua vipande vya udongo mwekundu vilivyokwanguliwa na mikono ya watu. Ni pango lile lile alilozikwa mtoto miaka 78,000 iliyopita.

Ila nisikudanganye ukaenda kupaka mashua udongo, mawimbi ya kusi yataukokota wote. Nusu ya kazi imefanywa na pango lenyewe, giza, hakuna mvua, hewa haibadiliki. Lascaux ilifunguliwa kwa wageni 1948, pumzi za watu zikaleta utando wa mwani wa kijani ukutani, na 1963 ikabidi wafunge mlango.